Mwanamume Aliyeruka Nyuma ya Jiwe

Kituo kikuu cha mabasi siku ya Ijumaa jioni hakina adabu. Watu wanasukumana, masanduku yanakanyaga vidole vya wenye haraka na wasio na haraka, na sauti ya kwenye spika inatangaza basi ambalo limeshaondoka. Katikati ya vurugu hiyo alisimama binti mmoja mwenye koti la njano, nywele kazisuka na kuzifunga juu, simu sikioni, anapiga soga na shoga yake kwa Kiswahili bila wasiwasi hata chembe. Alikuwa amekaa ugenini muda wa kutosha kujua kwamba kwenye foleni ile angeweza kusema lolote, na hakuna ambaye angegeuka.

"Wacha nikwambie. Mbele yangu kuna kaka. Mabega hayo, mwenzangu, unaweza kuanikia nguo."

"Uso je?" aliuliza shoga yake, ambaye ni muoka mikate na huwa hapendi habari nusu nusu.

"Sijauona. Naogopa kuuona nisije nikajiharibia."

"Mguse begi, ageuke."

"Nimguse mimi? Mimi mtoto wa watu. Ila shati lake limepigwa pasi hilo, mpaka raha. Mwanamume anayevaa shati la pasi Ijumaa jioni, huyo ana mke. Haiwezekani."

Ndani ya basi bahati ikawaweka kiti kimoja upande huu wa njia na kingine upande ule. Binti aliendelea na simu yake. Akaieleza pua, akaieleza shingo, akavieleza vidole vyenye grisi kwenye kucha, akasema midomo ataizungumzia wakifika. Yule kaka alitazama dirishani safari nzima, masikio yanazidi kumuwaka. Basi liliposimama alijibana kumpisha, akasema taratibu, "Pita, dada. Na sina mke. Pasi alinifundisha mama."

Ninyi fikirieni wenyewe. Binti alitamani sakafu ya basi ifunguke.

"Umekaa kimya njia nzima?"

"Hukuwa unaongea na mimi. Ningeingiliaje?"

Mimi nasema hilo jibu ndilo lililommaliza, wala si mabega. Siku hizi ukimpata mtu anayesikia akisifiwa na asiitumie nafasi hapo hapo, huyo mshike vizuri.

Akamshika. Kaka alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kushinda ndani ya mashimo marefu ya majengo, anakagua nyaya na kuwatoa watu waliokwama na vikapu vyao vya sokoni. Binti alitengeneza meno ya bandia, kwenye karakana ndogo nyuma ya kliniki, vumbi la plasta hadi kwenye nyusi. Alikuwa hodari, na tusione haya kumsifia. Alichanganya rangi ya jino mpaka likafanana na jino lililo kando yake, kwa mtu ambaye hata hajawahi kumwona. Marafiki wakamwita Bi Meno. Yeye akamwita mwanamume wake Lifti, na Lifti alipenda kuitwa hivyo kuliko jina alilopewa na wazazi.

Mchana alimpigia simu kutoka juu ya majengo.

"Mpenzi, naliona paa la karakana yenu."

"Shuka, ule."

"Nitakula ukinionyesha uso dirishani."

"Nina nta mikononi, Lifti, niache nifanye kazi za watu." Kisha angeenda dirishani.

Kitu kimoja binti hakuwa amemwambia Lifti. Kabla ya Lifti palikuwa na mwanamume mwingine, mtamu wa maneno, ambaye alikuwa hapendi kupigwa picha. Simu ikilia, anatoka kwenye korido. Rafiki wa binti akitaka kuwasalimia kwa video, anakumbuka kitu jikoni. Binti alimwona mtu wa aibu, akampenda hivyo hivyo, hadi siku mwanamke alipompigia, mtoto analia nyuma yake, akamuuliza kwa upole kabisa, "Dada, wewe ni nani kwa mume wangu?" Ule upole ulimuumiza kuliko matusi. Tangu siku hiyo alijiapia: mwanamume akijificha mbele yangu mara moja tu, naondoka. Simuulizi, maana nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa nitaamini.

Basi ilipofika ile wikendi ya joto walipanga mambo yao. Jumamosi kupanda mlima, Jumapili kushuka bondeni kwenye tamasha la muziki ambalo vijana wote wa ofisi na viwanda walikuwa wakilizungumzia. Bi Meno alivaa sweta jekundu jepesi, suruali nyeusi ya kubana na buti zilizokwisha kuzoea mawe. Alipanda kama mbuzi. Lifti alikuja nyuma na kaptura yake, begi kubwa mgongoni, anahema.

"Vipi huko nyuma?"

"Nakagua ngazi."

"Hakuna ngazi huku."

"Ndiyo tatizo lenyewe."

Alicheka mpaka ikabidi asimame. Akamngoja, akamenya chungwa, akamlisha kipande kimoja kimoja, kwa sababu mikono ya Lifti ilikuwa imejaa matope kutokana na kuanguka kidogo ambako wote wawili walikubaliana kutokuzungumzia. Lifti alimtazama jinsi jasho lilivyomng'arisha paji la uso, akajisemea kimoyomoyo kwamba kama kuna mwanamke mzuri kuliko huyu, basi amefichwa.

Kileleni upepo ulikuwa mkali. Chini bondeni waliona mahema ya tamasha yakisimamishwa, meupe na mekundu. Walikaa wakiegemea jiwe kubwa, mkono wa Lifti kiunoni mwake.

"Unajua, nikiwa na wewe hata sikumbuki nimechoka," alisema Lifti.

"Muongo. Unahema mpaka sasa."

"Nahema kwa furaha."

Akamlalia begani. Hapo ndipo mtandao uliporudi na simu ikalia. Ilikuwa video, na jina lilikuwa Mama. Kidole cha binti kikabonyeza kabla akili haijafika.

Lifti aliliona jina lile. Aliruka kama aliyeona nyoka, akapotelea nyuma ya jiwe.

"Mwanangu, uko juu ya nini huko?" alisema mama. "Na ule mkono ni wa nani?"

"Mkono gani, mama?"

"Mkono. Ulikuwa kiunoni. Una saa."

"Tuko wengi, mama. Ni wenzangu tu wa matembezi."

Alimdanganya mama yake mzazi, mchana kweupe, kwa ajili ya mwanamume aliyejikunja nyuma ya jiwe. Alipokata simu, moyo ulikuwa umeshaganda. Lifti alitokeza akijipangusa majani.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Umechoka?"

"Kidogo."

Lifti angeeleza pale pale, mambo yangekwisha. Lakini sababu yake aliiona wazi mno hata hakudhani inahitaji maelezo, na binti alikuwa ameapa kutouliza. Walishuka mlima wakiongea habari za hali ya hewa, kama majirani wasiopendana. Kwenye nyumba ya wageni kulikuwa na chumba cha wanawake na cha wanaume. Bi Meno aliingia cha kwake mapema, akafunga mlango.

Asubuhi alimpigia shoga yake.

"Naondoka na basi la mchana."

"Umemuuliza?"

"Siulizi. Niliapa."

"Uliapa kwa ajili ya yule mwingine. Huyu unamfunga kwa kesi ya mwenzie."

"Amejificha, shoga yangu. Nimemwona kwa macho yangu."

"Haya, ondoka. Ila ukifika hapa usinililie kwenye unga wangu, maana nakujua."

Mvua ya alfajiri ilikuwa imefanya uwanja wa tamasha kuwa tope tupu, na wala hakuna aliyejali. Tarumbeta zililia jukwaa hili, ngoma zikajibu jukwaa lile. Palinuka viazi vya kukaanga na moshi na nyasi zilizokanyagwa. Watu wazima wenye vyeo vyao walicheza peku. Mama mmoja mchoraji alimkamata Lifti mlangoni, na kabla hajapata neno la kukataa akamchora nyota za bluu mashavu yote mawili. Lifti aligeuka amwonyeshe mpenzi wake, acheke, maana tangu jana hakuwa amecheka. Akamkuta kavaa koti lake la njano, begi mgongoni.

"Naondoka."

"Tumefika sasa hivi."

"Wewe baki ucheze."

"Nicheze na nani? Mpenzi, nimekosa nini? Tangu jana nakuangalia sikupati. Niambie hata kwa kunitukana."

Ni zile nyota nadhani. Ni vigumu kumwacha mtu kimya kimya akiwa na nyota za bluu mashavuni. Binti alivunja kiapo chake.

"Una mke nyumbani?"

"Mke?"

"Au mtoto. Au mchumba anayekungoja. Mtu hajifichi bure. Jana umeona jina la mama yangu ukaruka nyuma ya jiwe kama mwizi. Mimi nikabaki namdanganya mama kwa ajili yako."

 Lifti akavua kofia, sijui kwa nini, mikono ikikosa la kufanya hutafuta kofia.

"Mama yako hanijui. Sijajitambulisha, sijatuma mtu, sijasema neno. Mara ya kwanza anione nimevaa kaptura, nimejaa matope, na nimemshika binti yake kiuno? Mama yangu akisikia atanichapa hata na umri huu."

"Kwa hiyo ilikuwa heshima."

"Ilikuwa woga," alisema. "Heshima nimeitafuta baadaye, usiku, nilipokuwa najitetea kichwani."

Bi Meno alitaka kucheka na alitaka kulia. Kilichotoka ni kilio. Akamwambia yote, wamesimama kati ya hema la viazi na foleni ya vyoo, watu wanawapita: picha zisizopigwa, korido, yule mwanamke mpole na mtoto anayelia nyuma yake. "Naye alikuwa na majibu mazuri," alimalizia. "Kila nilipouliza, alikuwa na jibu. Ndiyo maana nakuogopa. Jibu lako zuri sana."

Lifti alisikiliza mpaka mwisho, na hapo ndipo ninapompendea. Hakuapa kwa Mungu, hakumwambia mimi si kama yule.

"Mpigie mama," alisema.

"Sasa hivi? Umejiona ulivyo?"

"Najijua. Mpigie."

Simu iliita. Mama alitokea kama wanavyotokea mama wote kwenye video, paji la uso na jicho moja. Lifti alisimama wima mbele ya kamera, matope hadi magotini, kofia kaishika kifuani.

"Shikamoo, mama." Sauti ilimtoka nyembamba.

"Marahaba." Jicho likasogea karibu. "Mbona una nyota usoni?"

"Ni rangi, mama. Nimechorwa."

"Onyesha mkono." Akauonyesha, na saa yake. "Ndio wenyewe. Jana ulikwenda wapi, baba?"

"Nyuma ya jiwe."

"Kufanya nini?"

"Kukuogopa."

 Bi Meno alikuwa ameushika mkanda wa begi kwa mikono yote miwili.

"Una mke wewe?"

"Sina, mama. Namtaka huyu wako. Nilitaka nije kwa njia yake, nimevaa shati, wazee wangu wametangulia. Lakini ameumia kwa sababu yangu, sikuweza kungoja tena. Nisamehe kwa kukutokea hivi."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko. Anashona nguo. Ana maneno mengi, nakutahadharisha mapema."

"Mpe mwanangu simu."

Binti aliichukua, akasogea pembeni, kidole sikio la pili, maana ngoma za jukwaa la karibu zilikuwa zimeanza tena na uwanja mzima unapiga kelele. Lifti aliona midomo yake ikisema kitu, ikanyamaza, ikasema kingine kifupi. Akaona anaitikia kwa kichwa. Akaona anafuta macho kwa mkono wa koti la njano. 

Alirudi kwake polepole, anachagua pa kukanyaga.

"Amesema nini?"

"Amesema ukaoge."

"Hiyo ni haki yake. Na jingine?"

"Mama yako ampigie. Leo leo, kabla hajabadili mawazo."

"Na jingine?"

"Ameniuliza kama nakutaka."

 Alivua begi, akamkabidhi kama mtu anayemkabidhi mwenzake kazi yake, na Lifti akalipokea bila kuangalia anapokea nini.

"Bi Meno. Ukamjibu nini?"

Akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akamwekea mdomo sikioni, kwa sababu ngoma hazikuwa na huruma.

"Nimemwambia nakutaka. Nikamwambia pia kwamba dereva wa basi la mchana aende salama, mimi simo."

 Lifti alilia, mwanamume mzima, begi la mwanamke mkononi, rangi ya bluu ikimchuruzika mpaka kidevuni na kudondokea kifuani, katikati ya uwanja uliojaa watu, wala hakujali nani anamwona.