Kapsula za Kujaza Tena

Jumamosi soko la Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, halipitiki. Samaki huku, simu kule, mitumba imemwagwa chini kwenye turubai, na kila duka lina spika yake inapiga kelele. Haula alikuwa anasukumana na watu anatafuta karatasi ya alumini. Duka la tatu hilo anaambiwa imeisha. Kajifunga kitenge, kapulana ya bluu yenye maua ya njano, mtandio mweusi, na mkononi ana mfuko wa plastiki umejaa vikopo vidogo vya kahawa vilivyokwisha tumika, vyote vimekatwa juu kwa wembe.

"Dada, hizo taka unazipeleka wapi?"

Aliyeuliza ni Rafique, fundi simu. Mrefu, shati vifungo viwili wazi, bisibisi kaichomeka nyuma ya sikio. Ana miezi mitatu tu Palma, katokea Mtwara.

"Si taka," Haula akasema. "Ndo kazi yangu."

Akamweleza, maana jamaa alishaacha simu ya mtu mezani anamsikiliza. Alikuwa anafanya usafi kwa enjinia mmoja Mreno, anaitwa Fábio. Mkataba wa Fábio ulipoisha akaondoka, akamwachia mashine ya bica, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo. Sasa Haula anauza bica barazani nyumbani, wateja wake madereva na mafundi wa mradi wa gesi. Ila mashine inakula kapsula, ndo hivyo vikopo, na kapsula mpya mpaka zitoke Pemba, si kisiwa, mji wetu wa mkoa, siku zikitoka. Kwa hiyo anazipasua za zamani, anaziosha, anajaza kahawa yake, anafunika kwa alumini, anabana kwa kidole.

"Kwenye kumi zinatoka ngapi?" Rafique akauliza.

"Sita."

"Na nne?"

"Zinapasukia ndani. Namwaga, naosha, naanza upya."

Rafique akacheka mpaka mwenye duka la pili akageuka. Haula akakaza uso, akataka kuondoka. Hapo ndo Rafique akamwambia kwamba zipo kapsula za chuma, zina kifuniko, unajaza, unapika, unaosha, unajaza tena, hata mwaka mzima. Yeye ana binamu yake Dar anaweza kuzileta.

"Zilete basi," Haula akasema. "Wenye maneno nawajua."

"Nikileta unanipa nini?"

"Kahawa."

"Moja tu?"

"Zilete kwanza, fundi. Usinywe kabla haijamiminwa."

Baada ya wiki mbili kapsula zikafika. Sita, zinang'aa, kila moja na kifuniko chake na raba ya mdomoni. Rafique akazibeba mwenyewe mpaka nyumbani kwa Haula, kaoga, kapaka mafuta, shati vifungo vyote.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Haula alikuwa ameikaanga buni vizuri, akaitwanga kwenye kinu pamoja na tangawizi kavu mpaka ikawa unga, kama tunavyotwanga sisi wote kahawa ya birika. Akajaza kapsula hadi juu, akasindilia kwa nguvu zake zote. Mashine ikaguna, ikatetemeka, ikatoa matone matatu meusi, halafu ikatema maji pembeni yakamrukia Rafique kifuani. Mama mmoja aliyekaa mkekani na tasbihi yake, Mwanawetu jina lake, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Fundi kaogeshwa," akasema.

Rafique hakukata tamaa. Akafungua, akanusa, akasugua ule unga kwa vidole. Akasema kosa ni twanga yetu. Birika linataka unga, mashine inataka chembe, kama mchanga wa pwani ule laini lakini unausikia kidoleni. Na tangawizi itoke, inaziba matundu. Wakachekecha. Wakajaza, wakaacha nafasi kidogo juu, Haula akasindilia polepole na kitako cha kijiko, akafuta mdomo wa kapsula kwa kidole ili raba ikae. Ya kwanza maji tu. Ya pili chungu. Ya tatu ikachuruzika nyembamba kama uzi, na juu ya kikombe likakaa povu rangi ya asali.

Rafique akanywa, akafumba macho.

"Vipi?" Haula akauliza.

"Nimekwisha," Rafique akasema. "Sasa nitakuwa nakuja kila siku, na sababu sina."

Na kweli akawa anakuja kila siku. Asipokuja anapiga simu. Anamuuliza kama zote sita zimetoka, Haula anamwambia zote sita, anamuuliza na yeye kamkumbuka mara ngapi, Haula anamwambia hajaanza kuhesabu. Mwito mmoja unaisha na mwingine unaingia. Rafique akazoea kumwita kipenzi. Haula akamwita fundi, ila alivyokuwa analitamka hilo fundi, mtu akilisikia anajua.

Sasa kuna jambo Rafique alikuwa halijui. Yule Mwanawetu hakuwa mama yake Haula. Alikuwa mama mkwe. Haula ana mume, Suleimane, mvuvi wa kamba. Siku vita vilipoingia Palma, mwaka ule wa elfu mbili ishirini na moja, watu walikimbia kila mtu na njia yake, wengine mikokoni, wengine porini kuelekea kijiji cha Nhica. Haula na Mwanawetu walitoka. Suleimane alirudi ndani kuchukua hati zao. Mpaka leo hakuna aliyemwona, hai wala maiti. Miaka minne imepita.

Na Rafique hakuuliza. Pale Palma mtu haulizi nyumba ya watu nani hayupo. Tangu vita ndo tunaishi hivyo. Ukiona kiti kitupu unakizunguka. Kwa hiyo alisikia Haula anasema "mama", akajua ni mama, akaishia hapo. Haula naye kila akifungua mdomo amwambie, anaogopa atamwona mgongo anaondoka.

Siku moja Rafique akamwambia anataka kumuoa. Kesho yake asubuhi Haula alijifunika buibui akaenda kwa shehe, peke yake, hakumwambia mtu. Akasema miaka minne nimesubiri, niambieni mimi ni nani, mke au mjane. Shehe akaita wenzake, wakauliza mashahidi, mwisho wakahukumu Suleimane ahesabiwe amefariki. Haula akae eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya mumewe. Bila manukato, bila nguo za mapambo, bila maneno ya posa na mwanaume yeyote.

Yaani alifanya yote ili awe huru kwa Rafique, na huo uhuru unaanza kwa kumfungia mlango Rafique. Akampigia mara ya mwisho, akamwambia atapotea kidogo, asimuulize, amsubiri. Rafique alidhani ni utani wao ule ule. Akajibu atamsubiri mpaka ndevu zifike tumboni. Haula akazima simu.

Mwanawetu hukumu ile ilimkata. Hakupiga kelele. Alikaa tu akitazama ukuta, akasema waliohukumu si wao waliomzaa. Neno eda hakulitamka hata mara moja, maana kulitamka ni kukubali mwanawe kafa. Barazani alisimama yeye kwenye mashine, akawa anawaambia wateja Haula mgonjwa. Awa, jirani, anayeuza sambusa, anajua, lakini naye akafunga mdomo kwa kumheshimu.

Rafique akaja siku ya kwanza, akaambiwa mgonjwa. Ya pili, mgonjwa. Akapeleka machungwa, Mwanawetu akayapokea, akamshukuru, akamwona kijana mwenye adabu. Simu haipatikani. Wiki ya tatu, Dauto, dereva wa lori la maji, akamtania pale pale barazani kwamba enjinia Fábio karudi kazini juzi, amemwona kwa macho, labda ndo ugonjwa wenyewe. Dauto alikuwa anachekesha tu. Rafique hakulala siku mbili.

Ya tatu alikuja saa ya alasiri, baraza limejaa. Shati wazi, macho mekundu. Akasema kwa sauti kubwa anataka kapsula zake sita, yeye si mjinga wa kumletea mtu vyombo vya biashara halafu mtu huyo ajifungie ndani na mabwana wa Kireno. Mwanawetu akamwaga kahawa mezani. Wateja wakatazama viatu vyao.

Pazia la mlango likasogea kidogo. Haula hakutoka, sauti tu.

"Rafique, nyamaza. Nipo eda."

"Eda ya nani? Mbona humu hajafa mtu?"

"Ya mume wangu. Suleimane. Mama huyo ni mamaake."

Rafique akamtazama Mwanawetu, na Mwanawetu akamtazama yeye, kisha machungwa yale yakamrudia kichwani mama wa watu, na zile siku zote za kukaa mkekani akicheka na huyu kijana.

"Kumbe," Mwanawetu akasema polepole, kwa pazia, si kwa Rafique. "Kumbe ndo ulichoendea kwa shehe. Ulikuwa na wa kukungoja nje. Mwanangu umemzika ili upate nafasi."

Haula akaliachia pazia, maana nusu yake ni kweli.

Asubuhi Mwanawetu alifika sokoni kwenye meza ya Rafique, akaweka mfuko. Kapsula sita, zimeoshwa, zimekaushwa. Akaondoka hata salamu hakutoa.

Bila kapsula baraza likafa. Madereva walikuja, wakakuta mashine imefunikwa kitambaa, wakaenda kunywa chai kwingine. Awa akamwambia Rafique kwamba nyumba ile sasa inakula mara moja kwa siku. Rafique akawa hawezi kutulia, redio ya mteja akiifungua anaifunga kabla haijapona. Angeweza kwenda, angeweza kupiga hodi, kupiga magoti, kila kitu ambacho Haula haruhusiwi kukipokea. Hakwenda. Alimpa Awa ule mfuko, akamwambia aseme kitu kimoja tu, kwamba hivyo vyombo ni vya Mwanawetu na biashara yake, havina ujumbe ndani. Mfuko ukakaa juu ya ukuta wa baraza siku tatu unapigwa na jua. Ya nne haukuwepo.

Ikapita kama miezi miwili. Siku moja Mwanawetu akaja tena sokoni, ameshika kapsula moja, raba yake imechanika, maji yanavuja. Rafique akamvutia kibao. Hakukaa. Rafique akakata raba nyingine kutoka kwenye mpira wa baiskeli, akaipima, akaisugua kwa msasa.

"Ulijua kama ana mume?" Mwanawetu akauliza.

"Sikujua."

"Ungeuliza."

"Mama, nani anauliza hapa? Wewe umeniuliza mimi wangu wako wapi?"

Mwanawetu akakaa kwenye kibao. Akamuuliza, na Rafique akamwambia, kwamba baba yake alikuwa na shamba Pundanhar, kijiji cha huku huku kilichopitiwa na vita, na kwamba kule Mtwara alikokimbilia kwa shangazi hakwenda kwa kupenda. Hakusema zaidi. Mwanawetu naye, bila kuombwa, akaanza kusema habari za Suleimane. Kwamba alikuwa mvivu wa kuamka. Kwamba alikuwa anaimba vibaya. Kwamba zile hati alizorudia zilikuwa za Haula, cheti chake cha kuzaliwa, si cha mtu mwingine. Tangu vita hakuwa ameyasema hayo kwa mtu. Rafique akafunga kifuniko, akampa, akakataa malipo, Mwanawetu akalipa kwa nguvu.

Eda ikaisha Jumatano. Haula akaoga, akavaa kapulana mpya nyekundu, akasimama barazani, jua likamuumiza macho. Alikuwa amekonda. Wateja wakamsalimu kama mtu katoka safari. Rafique akaleta habari kupitia kwa Awa kwamba anataka kupeleka posa, aambiwe ipelekwe wapi, maana Haula ana baba mdogo yupo kijiji cha Mute. Haula akasema posa ije hapa, kwa mama. Awa akamuuliza kama kichaa kimemwingia. Haula akasema nisipomwomba yeye, nimwombe nani.

Rafique akaja baada ya alasiri na mzee Abdulcarimo, mwenye ukuta ambao Rafique anaegeshea meza yake sokoni, ndo mshenga wake. Rafique kavaa kanzu ya kuazima, fupi, vifundo nje. Wakaketi. Abdulcarimo akasema maneno yake yote ya mdomo mzuri. Mwanawetu hakuyasikiliza nusu.

"Nikisema ndiyo, mwanangu nimemzika," akasema. "Nikisema hapana, huyu wa ndani ndo namzika, na huyu namwona anapumua."

Abdulcarimo akafungua mdomo, Rafique akamgusa goti anyamaze.

"Mchukueni," Mwanawetu akasema. "Ila akirudi Suleimane, nitamwambia mimi. Nyote hamna ruhusa. Nitamweka chini nimwambie mwenyewe."

"Sawa, mama," Rafique akasema.

Wakasoma Fatiha, posa ikapita. Mikono ya Mwanawetu ilichelewa kuinuka, lakini iliinuka.

Jioni hiyo jua halijazama, simu ya Rafique ikalia. Miezi minne na zaidi jina lile halijawaka kwenye kioo. Akapokea.

"Haula," Rafique akasema. "Na akirudi kweli?"

"Nitalia sana."

"Halafu?"

"Halafu utanivumilia nalia. Wakati huo si utakuwa umeshanioa."