Kaburi la Mgomba pale Kyimo

Siku hiyo ilianza vizuri tu. Hellen aliamka na manyunyu, akachuma chai mpaka kikapu kikajaa, akaipeleka kituoni ikapimwa, akarudi nyumbani kwake Kyimo kumenya ndizi za mchana. Julai ya Rungwe mnaijua. Baridi inang'ata masikio, na ukungu unateremka kutoka mlimani saa ambayo watu wa kwingine wanaanika nguo. Alikuwa na kisu mkononi na utomvu vidoleni pale shemeji yake Andrea alipopiga hodi.

Andrea ni mdogo wa marehemu mume wake. Mzee wa kanisa. Ndiye anayesoma matangazo kila Jumapili baada ya mahubiri, na sauti aliyopewa na Mungu ni nzito hata tangazo la mbuzi aliyepotea ukilisikia kwake unataka kusema amina.

"Mugonile, mama Ambwene."

"Ndaga, shemeji. Sogea motoni."

Akasogea. Hakuvua kofia. Akanyoosha mikono juu ya makaa kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Shemeji, tumalize jambo la mtoto," alisema. "Mwaka umepita. Nyumba yenye msiba usiozikwa haikaliki. Tuzike mgomba, Ambwene apumzike. Na wewe upumzike."

Kisu cha Hellen kikasimama katikati ya ganda.

Ambwene alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa na mdomo usiojua kunyamaza, na mdomo ule ulimpeleka mkutano wa kijiji akauliza: mashamba ya wajane kule machimboni, kule kunakochimbwa yale mawe mepesi ya kusugulia miguu, yalichukuliwa kwa ruhusa ya nani? Watu wakapiga makofi. Viongozi wakaangalia chini. Siku chache baadaye, saa ya kula, simu yake ikalia. Akatoka nje kusikiliza, akarudi akicheka kidogo, akavaa buti. "Mama, funika chakula changu. Naitwa hapo njia panda, narudi sasa hivi." Njia panda palikuwa na gari lenye vioo vyeusi, lisilo na namba. Wauza ndizi walimwona akiingizwa. Walioshuka kumchukua hawakuwajua, wala hakuna aliyewajua mpaka leo. Nani alimpigia simu, hilo nalo halikujulikana.

Polisi Hellen alienda. Hospitali alienda. Vyumba vya maiti aliingia na kutoka. Kila mahali aliambiwa subiri, mama.

Basi Andrea alipotaja mgomba, Hellen alilia. Lakini ukweli usemwe mbele za Mungu: ndani ya kilio kile palikuwa na nafuu. Alikuwa amechoka kufunika chakula. Akakubali.

Mila yenyewe ni hivi. Mtu akipotea na mwili usionekane, ndugu hukata mgomba wenye kimo chake, huuvika sanda, huuzika badala yake. Ila kabla ya udongo, kila ndugu lazima aweke kiganja kwenye mgomba na kusema: "Sijui ulipolala. Lala hapa." Wazee walikuwa wakali juu ya maneno hayo. Asiyeweza kuyasema na moyo mweupe, walisema, abaki nyumbani ajifanye mgonjwa.

Jumamosi ile mgomba ulikatwa nyuma ya nyumba. Hellen aliweka juu yake koti la kaki la Ambwene, amelikunja vizuri kama nguo ya kwenda shule. Ndugu wakapita mmoja mmoja. Andrea akapita wa mwisho, akaweka kiganja, akasema maneno yote kwa ile sauti yake ya kanisani. Alipotaka kuondoa mkono, ulikawia kutoka. Utomvu, watu wakasema. Sisi majirani tulikula wali wa msiba ule tukarudi makwetu tumeshiba, Mungu atusamehe.

Wengi walishika mgomba siku hiyo, na wote walinawa wakatakata. Kiganja cha Andrea tu ndicho kilichobaki cheusi.

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, ukungu ulishuka ukafunika migomba, ukafunika choo, ukafika mlangoni. Hellen alikuwa akiosha sufuria. Akasikia mtu anagonga buti kwenye jiwe la kizingitini, kuondoa matope. Gonga. Kimya. Gonga.

Ambwene ndiye aliyekuwa na tabia hiyo. Alifundishwa na baba yake.

"Nani?" akauliza.

Akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Juu ya jiwe palikuwa na matope mabichi. Udongo wa Kyimo ni mweusi, kila mtu anaujua. Matope yale yalikuwa ya kijivu.

Kesho yake Lightness, nesi wa zahanati, mtoto wa watu kutoka Singida, alikuja mbio hata kanga imemtoka begani.

"Mama, kwa nini hujaenda Tukuyu?" alinong'ona, kana kwamba kuta zina masikio. "Wachunguzi wa kimataifa wamekuja. Hawatumwi na serikali yoyote. Wanasikiliza familia za watu waliopotezwa. Kesho ndiyo mwisho."

"Mbona sijasikia?"

"Makanisa yote yaliambiwa yatangaze. Kawetele walitangaza. Suma walitangaza." Lightness akasita. "Hapa kwenu matangazo anasoma nani?"

Hellen alikuwa akikumbuka Jumapili mbili zilizopita. Tangazo la kwaya. Tangazo la harusi. Tangazo la mbuzi.

Jumatano alifika Tukuyu na picha ya mwanawe kifuani. Ukumbi ulijaa kina mama wenye picha, wamekaa kwenye mabenchi, kimya kama wanaosubiri chanjo. Zamu yake ilipofika, aliketi mbele ya mwanasheria mmoja, mama mweusi tii mwenye kilemba, aliyetoka Afrika Magharibi. Pembeni yake alikaa mkalimani, kijana wa Mbeya mjini aitwaye Kenneth.

Hellen alitaja jina. Mwanasheria akaacha kuandika. Wakasemezana na Kenneth kwa lugha yao, kisha Kenneth akamgeukia, hamwangalii usoni.

"Mama, pole. Baba mdogo wa marehemu alikuja jana. Ametuambia Ambwene aliugua, akafia nyumbani, mkamzika. Ametuonyesha picha ya kaburi kwenye simu."

Kumbe nafuu aliyopewa pale motoni ilikuwa kamba. Ameshikishwa jembe amfukie mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

"Ni mgomba," alisema.

"Samahani, mama?"

"Kaburini hamna mtu, mwanangu. Tumezika mgomba. Mwambie huyu mama. Mwambie tumezika mgomba!"

Kenneth alipofikisha maneno, mwanasheria hakucheka. Akasema jambo moja, taratibu.

"Anasema hata kwao wapo wanaozika hivyo," Kenneth akatafsiri. "Anasema, ukiridhia, kesho tutafungua kaburi mbele yako. Likiwa na mgomba peke yake, jina la Ambwene linaingia kwenye uchunguzi. Likiwa na kitu kingine, basi yeye hataweza tena kukusaidia."

"Njooni," alisema Hellen. "Njooni hata sasa."

Alhamisi ukungu uliwahi. Gari la wageni lilipofika taa zake zilikuwa kama macho ya paka. Wilson, kijana wa jirani, alishika jembe. Majirani walisimama kuzunguka kaburi, na Andrea akaja na suti yake ya ibada, mkono wa kulia mfukoni.

"Kufukua kaburi ni laana!" alinguruma. "Mnaita wageni waje kuchungulia tumbo la nyumba yetu?"

"Laana gani, Andrea?" alisema bibi Modesta, ajuza wa nyumba ya pili. "Mgomba umeacha mjane?"

Watu wawili wakacheka. Wakaacha.

Wilson alichimba. Udongo ulikuwa mwepesi, kama uliochimbwa jana. Jembe likagusa kitu. Wilson akainama, akasukuma udongo kwa mikono. Akarudi nyuma.

"Mama," alinong'ona. "Koti mlilikunja?"

"Nililikunja mwenyewe."

"Njoo uone."

Hellen akasogea. Sanda ilikuwa imefunguka. Mgomba ulikuwepo, mbichi, haujaoza hata kidogo. Ulikuwa umelala kifudifudi, ikiwa mgomba una uso. Na ulikuwa umevaa koti. Vifungo vyote vimefungwa. Mikono ya koti imevutwa nyuma. Imefungwa fundo mgongoni.

Mtu akaanza kumwita Mungu kwa Kinyakyusa. Kyala, Kyala.

Mwanasheria alishuka shimoni kwa viatu vyake vizuri. Alipiga picha. Kisha akavaa glovu, akaingiza vidole kwenye mfuko wa koti, akatoa kitu, akakiweka kiganjani watu waone. Jiwe la kijivu, lenye vitundu kama mkate. Mifuko yote miwili ilikuwa imejaa mawe hayo. Mtoto yeyote wa Rungwe angekwambia yanatoka wapi.

"Anauliza," Kenneth alisema, "nani alimfunga hivi?"

Ukungu ukapita kati ya watu.

"Waliniambia hawatamfunga," alisema Andrea.

Hakuna aliyemuuliza yeye. Alisema mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo kanisani hatukuwahi kuisikia. Mkono ulikuwa umetoka mfukoni. Weusi haukuwa tena wa kiganja. Ulikuwa umepanda mpaka kwenye kiwiko.

Hellen alimsogelea. "Simu ile. Ni wewe?"

"Nilimwita tu, shemeji. Walisema wana maswali tu. Walisema atarudi jioni. Akaniitikia, baba mdogo nakuja, chakula kiko mezani..." Akaketi kwenye udongo na suti yake. "Na mimi nina watoto, shemeji. Waliwataja kwa majina."

"Mimi nilikuwa na mmoja," Hellen alisema. "Nawe ukanishikisha jembe."

Hakumpiga. Hakumlaani. Alimpa mgongo tu, na mimi naamini hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Andrea alisema yote mbele ya wachunguzi, Kenneth akitafsiri neno kwa neno: waliomtuma, gari lilipoelekea, shimo lipi kule machimboni. Jina la Ambwene likaingia kwenye uchunguzi. Yale mawe yalifungwa kwenye mfuko wa plastiki yakaondoka na wageni. Mwanasheria, kabla ya kupanda gari, alimshika Hellen mikono yote miwili. Alisema wameomba kibali cha kuchimba machimbo yale, na kwamba asimwamini mtu atakayekuja kumwambia jambo limekwisha.

Kibali hakijatoka mpaka leo. Machimbo yamezungushiwa uzio mpya. Jumapili matangazo husomwa na mtu mwingine, na Andrea haonekani. Wanasema yuko Kyela kwa binti yake, anavaa mikono mirefu kwenye joto lile.

Kaburi Hellen hakulifukia. Alilifunika kwa mbao. Anamsubiri mwenye haki nalo.

Juma lililopita alikuwa jikoni, mchana, ukungu umekaa mlangoni. Akasikia buti kwenye jiwe. Gonga. Kimya. Gonga. Sasa haogopi tena sauti hiyo. Aliendelea kumenya.

Lakini safari hii haikukoma. Gonga nyingine, nzito zaidi. Halafu nyepesi, kama ndala. Halafu kama kiatu cha mwanamke chenye kisigino. Gonga. Gonga. Gonga. Kama watu wanaofika kwa zamu, kila mmoja anamsubiri aliyemtangulia. Kwa adabu. Bila neno.

Ilipotulia, akafungua.

Hapakuwa na mtu. Jiwe lote lilikuwa limejaa matope ya kijivu, yenye alama za soli zisizofanana hata mbili. Hellen akawaza wale kina mama wa kwenye mabenchi, na watu wa kwenye picha zao. Kisha akarudi ndani akaongeza ndizi kwenye sufuria, akatafuta sahani zote alizokuwa nazo.

Jioni aliniita mimi, jirani yake, nimsaidie kufuta matope pale. Mvua ya baridi ilikuwa imenyesha alasiri yote, maji yakitiririka kizingitini. Niliweka kiganja juu ya jiwe.

Lilikuwa na joto, kama mahali ambapo mtu ametoka kukaa sasa hivi.