Maua ya Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, Fundi alipitia shamba dogo nyuma ya nyumba. Mama yao alikuwa amewaachia shamba hilo, yeye na mdogo wake. Huyo mdogo wake watu walimwita Haraka, kwa sababu hakujua kutembea polepole.

Katikati ya mahindi yaliota maua madogo ya zambarau. Mama, enzi za uhai wake, aliyachuma akitoka kupalilia. Aliyatia katika kikombe cha bati, akakiweka dirishani.

"Angalau kwa maua tuwe matajiri," alisema, na nyumba nzima ilicheka.

Yakinyauka, aliyatupa kwenye shimo la mboji, na mboji hiyo ilitiwa shambani. Fundi naye alifanya vivyo hivyo. Hata jembe lake liliyakwepa maua hayo.

Lakini mahindi yalizidi kudumaa. Mwaka huo majani yalisinyaa kama ya kiangazi, na mvua inanyesha.

"Dada, udongo umechoka huu," Haraka alisema. "Tuliache shamba liwe pori."

"Jasho la Mama liwe pori? Nami nipo hai?"

"Basi tutakula maua."

Neno hilo lilimchoma Fundi. Kesho yake alikwenda kumwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo.

Bibi shamba alilizunguka shamba. Kisha alichuchumaa, akachimbua ua moja pamoja na shina la hindi lililokuwa kando yake. Akaisuuza mizizi ndani ya ndoo.

"Hebu fuata mzizi wa ua hili, dada. Unaishia wapi?"

Fundi aliufuata kwa kidole, kama anavyofuata mshono. "Mbona umeingia kwenye mzizi wa hindi?"

"Hiki ni kiduha. Kinanyonya maji na chakula cha mahindi chini kwa chini. Kinapochomoza, kimeshakula siku nyingi."

"Kumbe ni kupe!" Haraka alidakia.

"Kupe hasa. Mbegu zake ni kama vumbi, na hukaa udongoni miaka mingi. Maua yakinyauka mnayapeleka wapi?"

Fundi alitazama shimo la mboji. "Mama aliyapenda. Kumbe tumekuwa tukiyapanda wenyewe."

"Mlitupa maua tu, dada. Nani angejua?"

Kisha akawaelekeza. "King'oeni kabla hakijachanua. Kilichochanua kichomeni moto. Mboji hii msiitie shambani tena, tieni samadi. Msimu ujao pandeni kunde. Mizizi ya kunde huamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuinyonya kunde. Kinakufa njaa. Ila msikate tamaa, hakimaliziki kwa msimu mmoja."

Jioni waliwasha moto. Maua ya kikombeni Fundi aliyachoma mwisho, kwa mkono wake. Kikombe kikabaki kitupu dirishani.

Walipanda kunde. Msimu uliofuata walipanda mahindi, na kunde katikati ya mistari. Viduha vilichomoza vichache, wakaving'oa vikiwa vichanga. Mahindi yakampita Haraka kimo.

Asubuhi moja Fundi alisimama ghafla mbele ya dirisha. Kikombe cha bati kilikuwa na maua ya zambarau. Alisogea, akayanusa, akapumua. Yalikuwa ya kunde.

"Wewe! Kila ua ulilochuma ni kunde tutakazokosa sufuriani!"

"Ni matatu tu, dada," Haraka alijibu, tayari yuko mlangoni. "Angalau kwa maua tuwe matajiri."