Blanketi Lililotumwa kwa Basi

— Jina la mtumaji?

— Boniventura Ngeleja.

Boniventura aliacha kuandika, akainua macho. Aliyesimama dirishani alikuwa Milembe, mchumba wake, vumbi la Bukundi, kijijini kwao, limejaa kwenye viatu.

— Milembe! Umefika saa ngapi?

— Endelea kuuliza. Nimekuja kudai mzigo uliopotea, kama watu wengine.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Boniventura, kusikiliza waliopotelewa na mizigo katika ofisi moja ya mabasi, stendi ya Bariadi. Safari hii mzigo ulikuwa wake. Alituma kwao Milembe blanketi la baba mkwe, lile la mahari. Alilifunga kwenye kiroba, akalipakia kwenye buti la basi kama mzigo wa choroko. Baadaye Milembe akampigia: halijafika.

— Sawa, ila itabidi usubiri. Madai yanachunguzwa kwanza, wiki mbili hivi.

— Jumamosi baba anakaa na ndugu zake. Blanketi lisipoonekana, posa imevunjika. Wewe unaniambia wiki mbili?

— Ndiyo utaratibu.

Nyuma ya Milembe alikuwepo mama mmoja, Nyanjige, anayedai boksi la vifaranga. Akaguna.

— Kumbe hata mke anapangishwa foleni.

— Mama, subiri zamu yako.

— Nasubiri, baba. Sina haraka tena.

Watu wakacheka. Boniventura, kwa aibu, akampigia wakala wa Bukundi na kuweka sauti ya nje.

— Mzee Mahona, ule mzigo wangu ulipotelea wapi?

— Upotee wapi? Ulifika salama. Mchumba wako alikuja na picha ya risiti kwenye simu, nikampa.

Boniventura akakata simu taratibu. Milembe hakukwepesha macho.

— Leo ndiyo unampigia? Siku zote hizo hukuwa na salio?

— Hata vifaranga vyangu hajavipigia, alisema Nyanjige.

— Milembe, umeiba blanketi la baba yako?

— Nimelificha.

— Kwa nini?

— Kwa sababu lilikuja peke yake. Baba akiona konda analishusha, atasema binti yake kaolewa na basi. Nikajua nikikwambia limepotea utashtuka, utakuja mwenyewe na wazee wako. Wewe ukanitumia hii.

Akasoma kwenye simu: “Pole mpenzi. Fika ofisini na risiti pamoja na kitambulisho.”

— Mpenzi, na kitambulisho, alirudia Nyanjige.

Milembe akafungua begi, akaweka blanketi juu ya meza ya dirisha.

— Hili hapa. Ukilileta, utanikuta. Ukilituma tena, andika jina la mwanamke mwingine.

Akageuka, akapanda bodaboda. Boniventura akabaki amelishika blanketi.

— Mfuate, mwanangu, alisema Nyanjige. Ila piga kwanza ile simu ya vifaranga.

Akaipiga. Kisha akampigia baba yake mdogo, Magese.

Jumamosi wakafika Bukundi wawili hao. Blanketi alilibeba Boniventura mwenyewe mikononi. Baba yake Milembe, Mzee Maige, alikuwa amekaa na ndugu zake. Akalipapasa pindo.

— Hili limetoka wapi?

Milembe, mlangoni pa jiko, akatikisa kichwa: usiseme. Neno moja tu lingeweza kumkosesha mke.

— Baba, mara ya kwanza nililituma kwa basi. Nilikosea. Binti yako alinifichia aibu.

Magese akamkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa. Wazee wakatazamana.

— Najua, alisema Mzee Maige.

— Unajua?

— Mahona alinipigia siku ileile liliposhuka. Nikamwambia ampe binti, nami nikakaa kimya nione nani atalileta. Blanketi halijui kusalimia watu.

Akalikunjua, akajifunika mabegani, jua kali vile. Boniventura akainamisha kichwa, akamwamkia kwa Kisukuma.

— Mwadila, baba.

Mzee akavuta pindo la blanketi hadi kifuani. Mlangoni Milembe alikuwa ameshikilia mwiko, anasikiliza.

— Mwadila, mkwe wangu. Mleteeni kiti.