Aliyedaka Chini ya Jabali

Tulikwenda mtoni kufua mablanketi na mashuka, mimi na wifi yangu, tukamaliza jua likizama. Wifi alijitwika yale mazito, maji yakimchuruzika mgongoni, mimi akaniachia mashuka. Ndivyo alivyo... ndivyo alivyokuwa. Hata chakula kikiungua, ukoko alikula yeye.

Binti yangu wa miaka mitano, tuliyemwita Kipipa kwa kitumbo chake, akaanza kulia.

"Mara moja tu, mama! Kwenye jabali!"

Jabali lile ni refu, maji yamelilainisha mpaka linateleza kama sabuni. Unakaa juu, unajiachia, unaserereka mpaka dimbwini. Lakini katikati lina kona, na aliye juu hamwoni aliye chini. Kwa hiyo mtu mzima hutangulia dimbwini kumdaka mtoto. Akishasimama vizuri hupaza sauti kwa utani, tena wenye tusi kidogo. Bila tusi, huachii mtoto. Ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna aliyetuambia kwa nini.

"Haya, mara moja," wifi akasema. "Ngoja nikalidake hili gunia la mchele."

Akapotea kwenye kinjia cha vichakani.

Nikamkalisha Kipipa ukingoni, nimemshika makwapani. Giza lilikuwa linaingia. Ghafla maji yakanukia... kama utosi wa mtoto mchanga.

"Mlete," sauti ikaita kutoka chini. "Mlete taratibu, mama, asije akaumia."

Sauti laini. Ikanigusa moyo. Nikawaza, wifi leo ametuonea huruma, hata utani kausahau.

Nikaachia.

Kipipa akacheka mpaka kwenye kona. Kisha kicheko kikakatika.

Nyuma yangu vichaka vikatikisika. Wifi akatokea, anachechemea, goti linavuja damu.

"Nimeanguka njiani, wifi. Hata chini sijafika. Mtoto yuko wapi?"

Nilijitupa jabalini, naye akanifuata.

Dimbwini alisimama mwanamke, maji yakimfika kifuani. Amempakata Kipipa. Alikuwa anamfuta masikio kwa ncha ya kidole, polepole, vizuri kuliko ninavyomfuta mimi. Kipipa alikuwa macho, anatutazama, meno yakigongana kwa baridi.

"Asante, dada," nikanong'ona. "Nipe mwanangu."

"Nitakupa." Akatabasamu. Alikuwa na uso wa mtu mwema. "Lakini mikono yangu haikai mitupu. Mmoja apande nawe, mmoja abaki nami. Usiseme kitu. Mtazame tu wa kubaki."

Wifi akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Wifi," akaninong'oneza sikioni, "tumnyang'anye. Wewe mvute mtoto, mimi nita—"

Nikageuza shingo.

Nikamtazama.

Mkono ukatoka begani kwangu. Hakukuwa na kelele wala kishindo. Maji yalijifunga tu. Nilipogeuka tena, Kipipa alikuwa kifuani kwangu, na dimbwini hapakuwa na mtu.

Nyumbani nilisema wifi aliteleza. Wazamiaji walitafuta siku nne, hawakupata hata ndala. Mama mkwe ndiye anayenipikia sasa. Usiku hunifunika blanketi, ananipapasa kichwa. "Usijilaumu, mwanangu. Ungefanya nini?" Kila akisema hivyo, nageukia ukutani.

Yule mwanamke ni nani, sijui mpaka leo. Nilijaribu kuwauliza wenzangu tunaofua pamoja. Wakatazamana. Mmoja akainua beseni lake, akasogea mbali nami.

Kipipa mwenyewe anakula, anacheza, kitumbo kimerudi. Ila kuoga hataki nimwogeshe, anataka bibi yake. Jana asubuhi nilimwita nimfunge vifungo vya gauni. Akaja kinyumenyume, viganja vyote viwili vimefunika uso.

"Mbona hivyo, mama?" nikamuuliza.

Akavibana viganja zaidi usoni.

"Mama..." akasema kwa kisauti kidogo. "Usinitazame."