Aliyeitikia Hakuwa Yeye

Siku ya safari, cherehani ya mama ilianza kunguruma sebuleni kabla ya chai, kama kawaida. Binti yake wa miaka kumi na miwili alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sare mwilini na viatu mkononi.

"Mama, tumbo linaniuma."

"Jana lilikuwa zima, ulipoomba sahani ya pili," mama alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Vaa viatu. Mkate wako uko mezani."

Tumbo halikuwa na neno. Aliwaogopa wenzake. Wiki tatu nyuma, karatasi ya mtihani wa hisabati ilitoweka mezani kwa mwalimu. Mwalimu alipouliza, darasa zima lilikaa kimya. Yeye peke yake akasema alichokiona. Mtihani ukafutwa, wote wakaurudia siku ya mapumziko, na tangu siku hiyo wakambandika jina la Kipaza. Hakuna aliyemsemesha ila kwa kumkejeli. Aliyewaongoza ni yule aliyechukua karatasi, msichana mrefu waliyemwita Malkia.

Gatini zilingoja boti mbili za kuwapeleka kwenye kisiwa kilichoonekana kutoka mjini. Mwalimu aliwagawa, kisha akaonya: "Kila mtu atarudi na boti aliyokuja nayo. Sitaki kusikia mtu amebadilishana."

Kipaza alipoketi, aliyekuwa kando yake aliinuka akahama.

"Mwacheni akae peke yake," Malkia alisema kwa sauti. "Akikosa wa kumsengenya, atawasengenya samaki."

Boti nzima iliangua kicheko. Kipaza alikaza kamba za jaketi lake la kuokolea maisha na kutazama maji mpaka walipofika.

Kisiwani, mlinzi wa hifadhi aliwaonyesha viota vya ndege na gamba la kasa lililokuwa kubwa kama karai. Wakati wa chakula, Kipaza alifungua mfuko wake akakuta mkate umejazwa mchanga. Alisikia watu wakicheka nyuma yake. Hakugeuka. Alikwenda kukaa karibu na miamba, mahali njia ya kwenda upande wa pili wa kisiwa ilipoanzia.

Baada ya muda, Kidoti, rafiki mkubwa wa Malkia, alipita hapo peke yake akiokota makombe.

"Unanitazama nini?" alifoka. "Haya, nenda kaseme!"

Kipaza aliinamisha kichwa. Kidoti akapotelea nyuma ya miamba.

Saa tisa honi ililia. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma, na nahodha aliwahimiza. Boti ya pili iliondoka kwanza. Katika boti yao, mwalimu aliita majina haraka haraka, macho kwenye orodha. Lilipofika jina la Kidoti, sauti nyembamba ikajibu, "Nipo!"

Kipaza alishtuka. Sauti ya Kidoti ilikuwa nzito, kila mtu aliijua. Aligeuka na kumwona Malkia akiondoa kiganja mdomoni.

Boti ilipokwisha kuacha ufuo, Kipaza alimsogelea. "Kidoti yuko wapi?"

"Kwenye ile boti nyingine, na binamu yake. Alisema anataka kurudi naye." Malkia alimkazia macho. "Fungua mdomo wako, utanitambua."

Kipaza alitazama boti iliyokuwa mbele. Ilikuwa mbali, aliona majaketi ya rangi moja tu. Kama Kidoti alikuwemo, yeye Kipaza angewatia wenzake matatani bure, na chuki ingezidi. Lakini hakuwa amemwona akirudi kutoka miambani, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekaa pale njiani mpaka honi ilipolia. Alisimama.

"Mwalimu, Kidoti hayumo humu!"

Zogo likazuka. "Keti chini!" "Ameanza tena!" Mtu alimvuta jaketi nusura aanguke.

"Ameitika, wote mmesikia!" Malkia alipiga kelele.

Mwalimu alimgeukia Kipaza kwa hasira. "Una hakika na unachosema?"

"Sijui kama yuko boti ile nyingine. Ninachojua ni kwamba humu hayumo. Nilimwona akienda nyuma ya miamba, na sikumwona akirudi."

Nahodha alipunguza mwendo. "Mwalimu, mpigie simu mwenzako wa boti ile. Maji yanajaa, na ile miamba huzungukwa upesi."

Mwalimu alipiga simu. Alisikiliza, kisha mkono wenye simu ukashuka taratibu.

"Hayupo," alisema.

Boti iligeuka. Walimkuta Kidoti amesimama juu ya jiwe, maji yakimfika mapajani, mguu umechanika, sauti imemkauka kwa kupiga mayowe. Nahodha alijifunga kamba kiunoni, akashuka, akarudi naye mgongoni. Kidoti alitetemeka kama mwenye homa. Malkia alimkumbatia, akilia kwa kwikwi.

Hakuna aliyemshukuru Kipaza. Mmoja hata alinung'unika kwamba wamechelewa.

Gatini, mwalimu aliwazuia wote wasiondoke.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Niliisikiliza sauti, sikumtazama mtu. Nitamweleza hivyo mwalimu mkuu na mzazi wa Kidoti. Kosa la pili ni la aliyeitikia. Ulidhani unamfichia rafiki yako, kumbe ulimwacha baharini. Na ninyi wengine mlimpigia kelele mtu pekee aliyekuwa akimtafuta mwenzenu. Kama angewaogopa, sasa hivi tungekuwa tunalia. Anayesema kweli ili mtu asiumie hastahili kuadhibiwa kwa hilo, wala hapaswi kuachwa peke yake."

Alimwendea Kipaza, akaongea kwa sauti ya chini. "Mwanangu, siwezi kukuahidi kwamba kesho watakuchangamkia. Lakini leo umefanya kazi ambayo mimi nilishindwa kuifanya."

Mama yake Kidoti, aliyekuwa ameitwa kwa simu, alikuwa akija mbio, kanga ikimwanguka begani. Mwalimu alimtazama Malkia. Malkia alifuta machozi, akavuta pumzi, akatangulia kwenda kumlaki.

"Mama," alisema, "aliyeitikia jina la mwanao ni mimi."