Rafiki Yangu Alinifungia Ndani ya Chambre Froide, Akazima Alarme

"Dorcelle, taa imezimika… Dorcelle?"

Mulango ukagonga. Puuu! Mulango wa chambre froide, kile chumba cha kugandisha samaki, ni muzito, unausukuma na mikono mbili. Haujifungi wenyewe.

"Dorcelle! Niko ndani!"

Sauti yake ilipita kidogo sana, kama ya muntu anaongea ndani ya blanketi:

"Unisamehe, Kavugho… Ni dakika kidogo tu."

Nikasikia viatu vyake vinaenda.

Jamani, kule ndani kulikuwa baridi ya kugandisha samaki mupaka inakuwa jiwe. Kifungio cha upande wa ndani kilikuwa kimevunjika, tulikuwa tunangoja kingine. Simu yangu alikuwa amenishikia yeye. Na yeye njo alikuwa rafiki yangu tangu utoto, muntu mumoja tu mwenye alinibakia.

Munafikiri nililia? Apana.

Nilisimama ndani ya giza. Sikusikia hata woga. Nikawaza tu: kumbe inaishia hivi.

Ngoja niwaeleze kwa nini moyo wangu ulikuwa vile.

Naitwa Kavugho. Mimi ni muntu wa Goma. Wakati vita iliingia muji, bombe ilianguka kwetu. Papa na mama balikuwa ndani. Mimi nilikuwa nimeenda kumuangalia Dorcelle, njo maana niko hapa nawaandikia.

Tulikimbia sisi wawili. Simu yangu ilipotea njiani. Bukavu, Uvira, Kalemie… ile safari sitaieleza. Dorcelle mama yake alikufa zamani, baba hakumujua. Yeye alikuwa na mimi, mimi nilikuwa na yeye.

Na nilikuwa na Lévi.

Lévi alikuwa ameshaleta wazazi wake kwetu. Tulikuwa tunangoja tarehe ya ndoa. Vita ilitutenganisha, sikujua alitokea upande gani. Tulipofika Kalemie, Dorcelle alikuja na simu yake mukononi.

"Kavugho, ikala kwanza."

"Sema tu."

"Lévi… bamemuzika. Bamenitumia habari."

Munajua nilimujibu nini? Nilimuuliza kama kuko mukate.

Kutoka ile siku, kitu fulani ndani yangu kilizimika. Nakula, sisikii utamu. Nalala, siote. Bantu banacheka, na mimi nafungua meno, basi.

Lubumbashi, baba mudogo wangu Paluku alitupokea nyumbani kwake Ruashi. Anauza samaki na kuku za kugandishwa, jumla. Depo, ghala yake, iko ndani ya parcelle, kiwanja chake, nyuma ya nyumba. Bibi yake wa ndoa, Mama Bijou, ni muntu wa hapa hapa. Huyo hakutupenda hata kidogo.

"Paluku! Nyumba yangu iko camp ya bakimbizi sasa?"

Alisema hivyo mbele yetu, sahani ziko mezani. Mimi niliendelea kukula.

Siku moja baba mudogo akatuita.

"Munaikala tu, munaangalia ukuta. Haiko muzuri. Mashini zangu za baridi zinaharibika kila mara, na bafundi ba kuelewa ile commande yake, kile kisanduku cha kuziongoza, ni bachache. Muende mukajifunze."

Njo vile tuliingia kwenye centre moja ya mafunzo ya mujini. Mwalimu wetu alikuwa mama mumoja, Ngalula Claudine. Wote tulimuita Chef Claudine.

Nilifikiri tutajifunza kutia gaz kwenye clim, zile mashini za kupoza vyumba. Kumbe apana! Tulijifunza akili ya nyumba. Kwenye majengo makubwa, hôtel, banque, hôpital, clim na pampu na hewa na taa, vyote vinatii kisanduku kimoja cha kwenye ukuta. Kinaitwa automate. Ile automate haina macho. Inaamini tu sonde, kile kichuma kidogo mwisho wa waya chenye kupima joto. Sonde ikisema kuko joto, automate inatuma baridi. Ikisema baridi imetosha, mashini inapumzika.

Nilipenda ile kazi. Ama nisiseme nilipenda. Ilinitosha. Mashini haikuulizi ulitoka wapi na nani alikufa. Inakuuliza tu: kuko joto gani?

Siku moja nilikuwa mbele ya armoire ya umeme, ile kabati ya waya, waya ziko mukononi, nimesimama tu. Chef Claudine alikuja karibu.

"Wa Goma, uko wapi?"

"Niko hapa, Chef."

"Apana, hauko. Miye nilizaliwa hapa. Wakati balifukuza bantu ba Kasai kama sisi, nilikuwa mutoto. Tulilala kwenye gare na mabagage yetu, tunangoja train. Mudogo wangu alikufia pale pale. Miaka ikapita, nikarudi. Sitakuuliza unajisikia aje. Kamata tournevis."

Nikakamata tournevis, nikaanza kukaza skurubu.

Yeye njo alikuja na mimi Ruashi kuweka automate mupya kwenye depo ya baba mudogo. Niliiunganisha kwa mikono yangu. Chumba kikishika joto, sirène, king'ora, inalia ndani ya parcelle, na message inaingia kwenye simu ya baba mudogo na ya Dorcelle, zenye zinaweza kuizima. Ya kwangu ilikuwa simu ndogo ya kitochi, kwa hiyo tuliweka ya Dorcelle.

Sasa turudi ndani ya giza.

Ile siku baba mudogo alikuwa amesafiri Kasomeno, njia yenye réseau ya simu ya kubahatisha. Mama Bijou alikuwa sokoni. Dorcelle aliniambia sonde inaonyesha bintu ya ajabu, niingie niangalie. Nilivua sandales kwenye mulango, nikavaa bottes, nikamupa simu ili isiharibike na baridi. Nilikuwa na jaquette moja tu.

Nilipiga mulango mupaka mikono ikachoka. Hakuna muntu.

Nikaikala juu ya carton ya samaki ya thomson. Vidole vilianza kupotea. Na nitawaambia ukweli: ilikuwa karibu inapendeza. Mwili ulikuwa unafika pale moyo ulikuwa umefika zamani. Nilikuwa naweza kulala tu…

Lakini kichwa changu kilikuwa na mazoea mabaya. Kilikuwa kinasikiliza mashini.

Compresseur, ile mashini yenye kutengeneza baridi, ikazimika. Nikawaza: eh, automate imetosheka. Sonde imeiambia baridi ni ya kutosha.

Sonde.

Nikasimama.

Nikipasha sonde moto, automate itaamini chumba kimeharibika. Sirène italia!

Lakini, jamani, musisahau kitu kimoja. Automate ikisikia joto, inafanya nini? Inatuma baridi. Ventilateurs zote zinapuliza, compresseur kwa nguvu yote. Kusudi niite musaada, ilikuwa lazima nijiongezee baridi.

Nilipanda juu ya macarton kwa kupapasa. Nikaanguka. Nikapanda tena. Nikaipata sonde karibu na ventilateur, nikaitia kwenye kwapa, ndani ya nguo. Ilikuwa kama kisu.

Nikangoja.

Compresseur ikaamka. Ventilateurs zikanipulizia usoni, na machozi yenye sikulia yakaganda kwenye kope.

Kisha… inje… WUUUU! WUUUU!

Sirène!

Ikalia kidogo. Ikakatika.

Nikakaza kwapa. Ikalia tena. Ikakatika tena.

Pale njo nilielewa. Sirène haijizimi. Kuko muntu anaikata na simu. Na simu ya kuikata, kwa ile saa, ilikuwa moja tu.

Dorcelle alikuwa anaona message yangu. Alijua niko hai. Na alikuwa ananizima.

Ikalia mara ya tatu. Sikusikia tena mukono wangu. Nikaegemea ukuta, kichwa kinaenda chini…

Mulango ukafunguka!

Mwangaza ulinipiga. Nikaona kitenge chekundu. Mama Bijou! Alinivuta kwa jaquette kama gunia, akaniangusha inje kwenye jua, akavua kitenge chake na kunizungushia. Alikuwa anatukana kwa sauti ya kusikilika mupaka kwa majirani.

"Eti Kavugho ameenda mujini! Muntu gani anaenda mujini anaacha sandales na sirène inalia? Unaniona miye muyinga, Dorcelle? Eh?"

Dorcelle alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, simu mukononi.

Lakini mimi sikuwa naangalia Dorcelle.

Nyuma ya Mama Bijou kulikuwa kijana mwanaume na sac mugongoni. Amekonda. Ndevu zimeota ovyo.

Lévi.

Muntu balishamuzika! Alikuwa amesimama kwenye parcelle ya Ruashi, kivuli chake kiko chini kama cha bantu bote.

"Kavugho," alisema. "Baliniambia umeolewa Zambia."

"Nani alikuambia?"

Alimuangalia Dorcelle.

Maneno yalitoka kidogo kidogo. Lévi alikimbilia Kampala. Alinitafuta kwenye namba yangu, haikupita. Akaandikia Dorcelle. Na Dorcelle alimujibu kila mara: Kavugho hataki kukusikia… Kavugho amepata bwana… Kavugho ameenda Zambia. Mimi aliniambia amekufa. Lévi hakuamini, akapanda magari mupaka Lubumbashi kuja kuulizia kwa baba mudogo. Alipomutelefonia Dorcelle kwamba amefika Ruashi, Dorcelle alishikwa na woga. Alinidanganya niingie chambre froide ili Lévi anikose, akamupokea kwenye portail, lango la parcelle, na kumurudisha. Sirène ilipolia, akaikata, kwa sababu Lévi alikuwa bado kwenye njia anaweza kusikia. Bahati Lévi alikutana na Mama Bijou anatoka soko, akamuuliza njia ya kurudi mujini. Mama Bijou akamuuliza alikuwa anatafuta nani.

"Kavugho? Kavugho iko kwangu!"

Njo vile.

"Ulikuwa unamutaka Lévi?" nilimuuliza Dorcelle. Sauti yangu ilikuwa kama ya muntu anauliza saa.

"Apana!" Alilia kwa nguvu. "Sikumutaka hata siku moja! Lakini angekuchukua, Kavugho! Ungeenda naye. Hapa bananipokea kwa sababu yako tu. Ungeenda, miye ningebaki na nani? Sikutaka ufe… nilifikiri ataenda mara moja, nikufungulie… Kisha alisimama kwenye njia, haendi…"

"Nilikuwa nakufa, Dorcelle."

"Najua."

"Ulikata mara ngapi?"

Akafunika uso.

Mama Bijou alitaka kuita polisi. Lévi alitaka kumupiga. Mimi nilisema bamuache aende. Musifikiri ni roho muzuri, apana. Sikuwa na hasira. Nilitafuta hasira ndani yangu, sikuipata. Nilitafuta furaha ya kumuona Lévi, nayo sikuipata.

Ile siku Mama Bijou alinilaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Alinikanda miguu. Kisha akasema:

"Miye iko na kinywa mubaya, mutoto wangu. Lakini sandales zako nazijua."

Lévi alibaki juma moja kwa rafiki yake kule Katuba. Kila siku alikuja, tunaikala kwenye viti vya plastique.

"Unanipenda bado?"

"Sijui, Lévi. Sikudanganyi. Nilikuzika."

"Nitangoja."

Alirudi Kampala kwenye kazi. Ananitelefonia, ninajibu. Tuko pale.

Mimi nilipata kazi na Chef Claudine. Sasa tunafanya kazi kwenye hôpital moja mupya, naangalia hewa ya chumba cha opération. Vidole viwili vya mukono wa kushoto havisikii vizuri, lakini tournevis inashikika.

Mwezi uliopita Chef alinituma Kasomeno. Muchuruzi mumoja mwenye kuleta samaki kutoka Kasenga alikuwa amejenga chambre froide, anataka automate. Nikaweka ngazi kwenye ukuta ili nipitishe waya juu. Chini haikuwa sawa, ngazi ilikuwa inayumba.

Muntu akaikamata.

Nikageuka. Dorcelle! Amevaa tablier ya depo kifuani, harufu ya samaki. Kumbe njo kule alienda kutafuta kazi. Tuliangaliana. Hakuomba musamaha, na mimi sikumuuliza habari.

"Panda," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeikamata."

Nikapanda.

Nilipofika juu, moyo ulipiga mupaka nikausikia kwenye masikio. Nilikuwa naogopa! Naogopa Dorcelle, naogopa kuanguka, naogopa kufa. Tangu Goma sikuwa nimeogopa kitu. Nikakumbatia ile ngazi na kulia kwa sauti: nikalia papa, nikalia mama, nikalia vyote. Bantu ba depo balitoka kuangalia. Dorcelle naye alikuwa analia kule chini, lakini mikono yake haikuachilia.

Kisha nikafunga waya zangu, nikashuka, nikaenda zangu. Bado sijamusamehe.

Wapendwa, fundisho langu ni hili. Habari kubwa, ya kifo ama ya mapendo, usiipokee kwenye kinywa cha muntu mumoja tu, hata kama munakula sahani moja. Tafuta wa pili, uliza. Na muntu mwenye anakupenda kwa woga wa kubaki peke yake anaweza kukuua bila kukuchukia. Tena wewe dada mwenye vita imekunyang'anya vyote: jifunze kazi ya mikono na ya akili, hata kama moyo wako haujisikii kitu. Moyo utakuja nyuma.

Sasa muniambie ukweli kwenye commentaires. Ingekuwa wewe, ungepanda ile ngazi?